Garimoshi la Mwalimu Lazaro

Juzi tulimzika Mwalimu Lazaro, na mchungaji aliyesoma wasifu wake hakusema hata mara moja kwamba marehemu aliwahi kuuangamiza mji wa Dar es Salaam. Alitaja shule alizofundisha, kwaya aliyoianzisha, watoto, wajukuu, vitukuu, ugonjwa wa sukari. Mie nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa mwanawe Mabibo, nimejitanda kanga, Mwislamu peke yangu katika safu ile ya akina mama wa kanisa, nangoja. Nilidhani angalau mtu mmoja atasema kwamba mzee huyu aliandika kitabu. Hakusema mtu. Bintiye mkubwa aliponiuliza nilifahamiana wapi na baba yao, nikamjibu kwamba tulikaa nyumba moja kule Temeke, zama za Mwingereza, na kwamba sehemu kubwa ya mwaka ule sikupata kumwona uso. Akanitazama kwa adabu, lakini nikajua anajiuliza kama kichwa cha bibi huyu kimekaa sawa. Kimekaa sawa kabisa. Wasahaulifu ni wao.

Mwaka ule nilikaa eda. Nilikuwa msichana, kanga zangu za harusi bado hazijachuja rangi, na mume wangu Saidi alikuwa kibarua wa reli, katika kundi lililokuwa likitengeneza njia huko bara. Homa ilimkamata hukohuko, akafa, na wenzake wakamzika siku ileile karibu na stesheni moja ambayo jina lake sikuwahi kulisikia kabla. Sisi tuliletewa telegramu. Baadaye akaja rafiki yake na sanduku la bati, ndani mna kikoi, wembe, na kofia niliyomshonea mwenyewe. Basi. Maiti sikuiona, kaburi sikulijua, na sanda sikuigusa. Shangazi yake, Bi Tatu, akanichukua nikakalie eda nyumbani kwake Temeke, akanifungia katika chumba cha kati, mwanamke asiyetakiwa kuonwa na mwanamume wa kando wala kunusa marashi hadi muda wake utimie. Na mle ndani, kwenye kitanda cha kamba, nikajipangia imani yangu peke yangu. Nilijiambia wamekosea. Akina Saidi wako wengi duniani, na watu wa telegramu hawakai chini wakahesabu akina Saidi. Sikumwambia mtu, ila chakula kilikuwa hakipiti. Bi Tatu alikuwa akitoa sahani kama alivyoiingiza, na kila akiitoa alizidi kupunguza maneno, na kwa mtu aliyekuwa akisema kama Bi Tatu hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Chumba cha pili yangu kilipangishwa kwa mwalimu wa shule, kijana wa Upareni, Mkristo, mwenye baiskeli na marundo ya karatasi. Sikumwona, lakini nilimjua kwa kikohozi. Bi Tatu alikuwa amemfundisha siku ya kwanza kwamba ndani mna mwenye eda, na kwamba kila anapofika mlango wa mbele akohoe, ili kama niko uani nirudi chumbani. Basi maskini akawa anakohoa kwa utiifu mkubwa, hata majirani wakaanza kumletea dawa ya kifua. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya Kiswahili, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na viambaza vya vyumba havikufika kwenye makuti. Neno likisemwa chumba cha kwanza lilisikika cha mwisho. Na Mwalimu Lazaro alikuwa mtu asiyeweza kuandika neno bila kulionja kwanza. Kila sentensi aliipitisha mdomoni, akairudia, akaibadili, ndipo nikasikia kalamu. Alasiri moja, nimelala nimeelekea ukutani, nikamsikia akisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali: "Jumatatu asubuhi, uchawi uliingia mjini kwa njia ya nguzo za umeme."

Nikageuka.

Hicho ndicho kilikuwa kitabu chake. Dunia ilikuwa inakwisha, naye alianza kuimalizia Dar es Salaam. Majini walisafiri ndani ya waya, wakatokea kwenye taa za Uzunguni, wakakaa mezani na kuagiza chai. Magari yalikataa petroli yakadai majani. Saa ya mnarani ilianza kusema umri wa kila anayepita chini yake, na wanawake wa mjini wakabadili njia. Bahari ilikunja mkeka wake ikaenda zake, meli zikabaki zimelala ubavu kwenye matope. Bwana mkubwa wa serikali akatoa amri kila jini alipe kodi ya kichwa, na jini mmoja akaja ofisini na vichwa saba akauliza alipie kipi. Mie niliyekuwa sijacheka tangu sanduku la bati liingie, nikajikuta nimeuma ncha ya kanga ili nisisikike. Lakini lililonipendeza zaidi ni kwamba Temeke ilisalimika. Waya haukuwa umefika kwetu, sie tulikuwa watu wa vibatari, na mahali pasipo na waya uchawi haukuwa na njia. Wakubwa wote wakakimbia nyumba zao za taa wakaja kupanga vyumba kwetu.

Bi Tatu naye alikuwa akisikiliza, maana siku ya pili alimkabili kwenye korido. "Mwalimu weye, kama unasoma, soma. Usitusomee kwa mafungu kama unauza dagaa." Tangu hapo, kila baada ya sala ya alasiri, Mwalimu alikuwa akitoa benchi lake koridoni, na wanawake wakakaa kwenye mlango wa uani na ukili wao wakisuka, na mie nyuma ya mlango wangu. Wanawake wenyewe walikuwa Bi Tatu na Mama Kandida, mpangaji wa chumba cha mwisho, mke wa mchonga vinyago kutoka kusini, Mkatoliki mwenye kicheko cha kuangusha ndoo. Mama Kandida aliposikia Temeke imesalimika alipiga kofi. "Kumbe kukosa nako ni bahati! Mwalimu, huyo mzungu atakayepanga kwetu, maji atateka nani?" Mwalimu akasema atateka mwenyewe. "Andika hivyo hivyo," akasema Mama Kandida, "na bombani apange foleni nyuma yangu." Na kesho yake ikawa imeandikwa.

Jikoni kulikuwa na mchicha wa nazi, kulikuwa na bada ya muhogo ambayo Mama Kandida aliisonga hadi ikang'aa, na siku za Ijumaa wali na samaki wa kukaanga. Bi Tatu aliniingizia sahani yangu usomaji unapoanza, na hakuwa mjinga. Aliona kwamba hadithi ikienda, mkono wangu nao unaenda kinywani, na hadithi ikisimama, mkono unasimama. Siku moja Mwalimu alifunga karatasi zake akataka kuinuka, Bi Tatu akachungulia chumbani kwangu, akarudi koridoni. "Endelea kidogo, baba. Wali wake haujaisha." Mwalimu akakaa chini, akatunga palepale, bila karatasi, mkasa mrefu wa jini aliyeajiriwa posta, hadi sahani ikawa tupu. Sasa nina umri ambao watu huniletea chakula na kuniangalia nikila, nami kila mara huikumbuka sauti ile ya kijana asiyenijua, iliyochoka kufundisha kutwa, ikinitungia jini ili nimeze matonge matatu zaidi. Mtu akiniuliza wema ni nini, sina mfano mwingine.

Kisha likaja garimoshi. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho ya dunia, kwa mujibu wa Mwalimu, na jua lilikuwa limesimama juu ya paa la stesheni halijui liende wapi. Kutoka bara likaja garimoshi refu lisilotoa moshi, madirisha yote yamefungwa, limewabeba watu wote waliokufa kandokando ya reli tangu reli ilipojengwa. Likasimama. Watu wa mji wakajaa kwenye jukwaa la stesheni, kila mmoja akimtafuta wake, na milango haikufunguliwa. Mwalimu akasoma: "Na dereva wake alikuwa jini aitwaye Badrani." Nikasikia ukili wa Bi Tatu ukianguka sakafuni.

Hapo lazima nieleze. Mwalimu alikuwa mtu wa milimani, na mambo ya pwani aliyaokota njiani kama mtu anayeokota maembe asijue mwembe ni wa nani. Kila Alhamisi jioni alimsikia Bi Tatu akifukiza ubani na kuimba polepole, na katika nyimbo zile mlikuwa na jina Badrani. Akalipenda. Alidhani ni jina la kubembelezea watoto. Mtaa mzima ulijua kwamba Badrani ni ruhani wa Bi Tatu, jini msafi, sharifu, wa nguo nyeupe na maji ya waridi, aliyempanda Bi Tatu tangu usichana wake, na ambaye jina lake halitajwi ovyo hata na mwenyewe. Sasa yumo kitabuni, ameshika usukani wa gari la maiti, makaa hadi viwikoni.

Bi Tatu aliingia chumbani kwake akalala na kichwa kinachomgonga. Siku iliyofuata hakupika. Mama Kandida akaenda kumwambia Mwalimu amefanya nini, na kupitia juu ya kiambaza nikasikia kijana wa watu akisema, "Mungu wangu," mara nyingi. Alikuwa na sababu. Chumba Temeke hakikuwa rahisi kupata, na mzee wa kanisa lake akisikia ametakiwa kumwomba radhi jini, hata ualimu ungeingia mashakani. Lakini mie, nawaambia kweli, sikumhurumia yeye. Nilikuwa nalia na garimoshi langu. Limesimama, milango imefungwa, na huenda mwandishi atafukuzwa nyumbani kabla sijajua kama watu watashuka. Kama watashuka, basi hata Saidi. Najua ilikuwa hadithi. Njaa haichagui chungu.

Badrani alipanda Ijumaa, baada ya alasiri, koridoni, mbele ya mlango wangu, nami nikaona kwa ufa. Bi Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka, moshi wa ubani umemzunguka, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzito na yenye madaraka. "Nani kanivika kofia ya dereva?"

Mwalimu akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza nikamwona mgongo: shati jeupe, suruali fupi ya kaki, shingo nyembamba. "Shikamoo," akasema.

"Si shikamoo!" Mama Kandida akamnong'oneza, huku mkono mmoja unapiga ishara ya msalaba na wa pili umeshika chetezo. "Msalimie kwa salamu ya dini yake!"

"Asalaam aleikum," akasema Mwalimu, kwa lafudhi ya milimani.

"Waleikum salaam. Mie hukaa penye waridi. Wewe umenitia kwenye makaa. Nguo zangu nyeupe, zimekuwaje?"

Mwalimu alikuwa anatafakari. Niliifahamu tafakari ile, nilikuwa nimeisikiliza juu ya ukuta kwa wiki nyingi. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya tangazo la serikali, "Naomba radhi, Sharifu. Ile ilikuwa rasimu. Wewe si dereva. Wewe ndiye mkuu wa stesheni."

"Mkuu."

"Hakuna gari linaloingia wala kutoka bila amri yako."

"Nguo?"

"Nyeupe, zenye vifungo vya dhahabu."

"Na moshi?"

"Garimoshi hili halina moshi, Sharifu. Nilikwisha kuandika."

Mama Kandida akanong'ona kwamba ni lazima pawe na chano, sinia la kumridhisha ruhani, na Mwalimu akatoka mbio na baiskeli akarudi na halua, maji ya waridi na ubani wa kutosha msikiti, akaviweka kwenye sinia mbele ya mkeka. Ruhani akanusa, akaridhika. Kisha akanyoosha kidole, si kwa Mwalimu, bali kwenye mlango wangu. "Lakini milango ya mabehewa haifunguliwi na wewe, kijana. Wewe huna mtu mle ndani. Muulize mwenye mtu wake." Na Bi Tatu akaanguka ubavu, akaamka baadaye akaomba maji, akauliza kwa nini kuna halua.

Mpaka leo sijui kama yule alikuwa Badrani au Bi Tatu, wala sijapata kutaka kujua. Yeyote aliyekuwa, alinijua.

Mwalimu hakuweza kusema nami, kwa hiyo swali lilipitia kwa Bi Tatu. "Zena, anauliza, wafunguliwe?" Nikajibu bila kupumua. "Wafunguliwe. Washuke wote." Bi Tatu akalipeleka jibu koridoni, na huko ukazuka mjadala ambao mahakama ya kadhi isingeumaliza. Mama Kandida alitaka kujua watalala wapi, na nyumba za Temeke tayari zimejaa wazungu. Na mwanamke aliyekwisha kuolewa tena, je, atapika jiko gani? Na aliyeacha wake wawili wanaogombana, atashukia mlango upi? "Huyo hatashuka," Mama Kandida akaamua, "atajifanya amelala." Wakacheka, nami nikawakasirikia kwa kucheka.

Bi Tatu akaingia, akafunga mlango, akakaa kando ya kitanda changu. Hakuwa na uso wa utani. "Saidi ni mtoto wa kaka yangu. Huu mgongo wangu ndio uliomlea. Ningekuwa na uwezo wa kumshusha, ningemshusha kabla yako, na wewe ungeniona nampita kila mtu pale stesheni kwa viwiko. Lakini akishuka, mwanangu, atashuka kufanya nini? Kuja kufa tena? Mie siwezi kuletewa ile telegramu mara ya pili. Siwezi, Zena." Nikamgeuzia mgongo. Akaniacha. Mwalimu naye akaacha kusoma, na alasiri zikapita bila benchi, hakuna ila kikohozi mlangoni na baiskeli ikiegemezwa ukutani. Sikula. Nilikuwa namchukia kila aliyesema kweli.

Kilichonigeuza ni kumbukumbu ndogo. Siku nilipomsindikiza Saidi stesheni, mara ya mwisho, sikumkumbatia, hatukuwa na desturi hiyo mbele za watu. Alikaa dirishani, daraja la tatu, na wachuuzi walikuwa wakipitisha vyakula juu kwenye madirisha, mihogo, mayai, ndizi, mikono inapanda na kushuka, na mie nikampa kifurushi cha vitumbua kwa njia hiyohiyo, na vidole vyetu vikagusana kwenye jani la mgomba. Hiyo ilitosha siku ile. Nikamwita Bi Tatu. "Mwambie wasishuke," nikasema. "Ila madirisha yafunguliwe. Watu wapewe nafasi ya kuwalisha." Bi Tatu akanishika kichwa kwa mikono miwili, akatoka. Juu ya kiambaza nikaisikia kalamu.

Kitabu kile hakikuchapwa. Mwalimu alikipeleka kwa watu wenye mashine, wakakirudisha na maneno kwamba Mwafrika anahitaji vitabu vya faida, kama vile ufugaji wa kuku. Mchwa walikula sehemu, mvua ikala sehemu, na Mwalimu akaoa, akawa mtu mzima, akafundisha watoto wa watu hadi akastaafu. Mie pia niliolewa tena, nikazaa, nikacheka sana katika nyumba nyingine. Bi Tatu na Mama Kandida wametangulia. Nawashukuru wote watatu, na Badrani wa nne, maana waliniokoa bila kuniambia kwamba wananiokoa, na bila hata mmoja wao kunihimiza nisahau. Natamani ningeinuka juzi pale Mabibo nikayasema haya kwa kipaza sauti, lakini ningeanzia wapi? Ningesema marehemu alinipikia kwa maneno? Basi nimeyaandika, na watoto wake wakitaka watasoma.

Alasiri ya mwisho benchi lilirudi koridoni. Mwalimu alisoma polepole. Badrani, amevaa nyeupe, akainua mkono, na madirisha yote ya garimoshi yakafunguka. Watu wa mji wakaja na vyungu, na masinia, na mabakuli yaliyofunikwa, Mhindi na pilau yake, mzungu na supu yake aliyoipika mwenyewe kwa kuni akiwa hajui, na kila mmoja akamlisha wake. Akasoma juu ya mzee aliyemmenyea mwanawe chungwa. Akasoma juu ya mama aliyesahau chakula akapitisha mkono mtupu, nao ukapokewa. Kisha akafika kwa mwanamke kijana, mwenye nguo zisizo na urembo, aliyesimama chini ya dirisha la daraja la tatu na sahani ya wali. Mwanamume wa dirishani akanawa, akala tonge la kwanza, akasema, "Mke wangu, chumvi wameiuza yote?" Hilo lilikuwa neno la Saidi, kila siku, hata chumvi ikiwa imezidi. Bi Tatu ndiye aliyempa Mwalimu. Nikacheka kwa sauti, nikajiziba mdomo, ikawa si kicheko tena. Yule mwanamume akala hadi mwisho, bila haraka, akarudisha sahani kwa mikono miwili. Garimoshi likalia.

Nilingoja karatasi igeuzwe, haikugeuzwa. Mama Kandida alikuwa akivuta kamasi. Nikasikia benchi likisogea, na hatua zikija hadi karibu na mlango wangu, si karibu sana. "Bi Zena," akasema, naye hakuwahi kulitamka jina langu. "Nisamehe kwa kusema nawe. Nimefika hapa, nimeshindwa. Nimejaribu mara nyingi kuliondosha garimoshi, mkono unakataa, kwa sababu si mimi niliye na mtu ndani." Bi Tatu hakumkemea. Nilikuwa nimesimama, paji la uso limegusa mbao za mlango, na kwa mara ya kwanza tangu telegramu nilimwona mume wangu vizuri, ameshiba, anaangalia mbele, upande ule gari linakokwenda.

"Liache liondoke, Mwalimu," nikasema. "Ameshakula."